Kufupisha Mfupa ili Kuokoa Mkono

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia ya uganga

MANENO YA KUJIFUNZA KABLA YA SOMO

Kigasha: sehemu ya mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo.
Kifundo cha mkono: kiungo kinachounganisha kigasha na kiganja.
Eksirei: miali isiyoonekana kwa macho, ambayo hupita mwilini na kutuonyesha picha ya mifupa.
Milimita: sehemu moja ya sentimita iliyogawanywa mara 10.
Wastani: hesabu inayopatikana kwa kujumlisha hesabu zote na kugawanya kwa idadi yake.

SOMO LENYEWE

Mwalimu awasomee kwanza maneno yaliyoandikwa hapo juu, kisha tuendelee pamoja.

Leo tuna somo la historia. Si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya mfupa mmoja mdogo, ambao urefu wake hauzidi sana sentimita 2, na ya watu wanaokula kwa jasho la mikono yao. Mkulima, seremala, mwashi, fundi wa mashine, msusi wa mikeka: hao wote, mkono ukikataa kushika, chakula cha nyumbani hupungua. Kwa sababu hiyo waganga wa nchi mbalimbali wamejishughulisha na mfupa huu kwa zaidi ya miaka 100. Na katika kazi hiyo walifikia jambo la ajabu. Ili kuusaidia mfupa ulio mgonjwa, waliukata mfupa mwingine ulio mzima, wakaufupisha.

Walipata sababu gani ya kufanya hivyo? Na watu waliopasuliwa waliendeleaje baada ya miaka 10, au 20? Maswali hayo mawili ndiyo somo letu. Tutakapomaliza, utakuwa na maswali mengine matatu ya kukusaidia kila usikiapo habari za dawa au matibabu yoyote.

1. Mifupa ya kifundo

Weka mkono wako wa kuume mezani, kiganja kikielekea chini. Kwa kidole cha mkono wa kushoto, anzia kwenye fundo la kidole cha kati, uteremke polepole juu ya mgongo wa kiganja mpaka ukaribie kigasha. Hapo utahisi kama kishimo kidogo. Sasa kunja kiganja kuelekea chini. Utahisi kitu kigumu kikiinuka mahali hapo. Huo ndio mfupa tunaousema leo, au ni karibu nao sana.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, iliyopangwa safu mbili kama mawe ya ukuta. Mfupa wetu uko katikati ya safu ya kwanza, ile inayopakana na kigasha. Wataalamu wa zamani wa Ulaya waliuita mfupa wa mwezi, kwa kuwa ukiutazama ubavuni umepinda kama mwezi mwandamo. Sisi nasi tutauita hivyo.

Kigasha kina mifupa miwili mirefu. Mmoja uko upande wa kidole gumba, na unapofika kwenye kifundo huwa mpana. Huo tutauita mfupa mpana. Wa pili uko upande wa kidole cha mwisho, na ncha yake kwenye kifundo ni nyembamba. Huo tutauita mfupa mwembamba. Mfupa wa mwezi umekaa zaidi juu ya mfupa mpana, na ukingo wake mmoja unaelekea upande wa mfupa mwembamba. Kumbuka jambo hili, maana hadithi yote inategemea hapo.

Mfupa ni kitu kilicho hai, nao hulishwa na damu. Lakini mfupa wa mwezi umebanwa na mifupa jirani karibu pande zote, kwa hiyo mishipa ya damu ina njia chache za kuuingia. Damu ikikatika, mfupa hufa. Hauozi kama tunda, bali hukauka na kuwa mgumu usio na uhai. Baada ya muda hupasuka, hubonyea, na mwisho hubomoka. Mifupa ya jirani nayo huhama mahali pake na kusuguana.

Mwenye mkono huo huanza kwa maumivu katikati ya kifundo, upande wa nyuma. Kisha huja uvimbe. Nguvu ya kushika hupungua, na kifundo hukaza. Ugonjwa huu si wa watu wengi, lakini huwapata hasa wanaume wa miaka 20 mpaka 40, tena mara nyingi katika mkono ule wanaoutumia kwa kazi.

2. Kabla ya picha na baada ya picha

Mwaka 1843, nchini Ufaransa, mtaalamu aliyeitwa Peste alieleza habari za mfupa wa mwezi uliobomoka, alioukuta katika maiti. Lakini wakati ule hapakuwa na njia ya kuutazama mfupa wa mtu aliye hai. Mgonjwa aliposema kifundo kinamwuma, mganga aliweza kubonyeza tu na kukisia. Huenda alisema ni mshtuko wa kano, au baridi yabisi, na hapana aliyeweza kumbishia.

Mambo yalibadilika tarehe 8 Novemba 1895. Siku hiyo Wilhelm Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg nchini Ujerumani, aligundua miali ya eksirei. Katika mwezi wa Desemba mwaka huo alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana wazi pamoja na pete. Angalia, ndugu msomaji, kwamba mojawapo ya picha za kwanza za eksirei duniani ilikuwa picha ya mkono.

Mwaka huohuo wa 1895 kijana mmoja alimaliza masomo ya uganga katika mji wa Vienna, nchini Austria. Jina lake Robert Kienböck, aliyezaliwa huko Vienna mwaka 1871. Eksirei ilimvuta, akaifanya kuwa kazi yake ya maisha. Mwaka 1910 aliandika taarifa juu ya wagonjwa waliokuwa na maumivu ya kifundo, ambao picha zao zilionyesha mfupa wa mwezi umebadilika na kubonyea, ilhali mifupa ya jirani bado ilionekana mizima. Yeye alidhani kwamba ajali hukata kano na mishipa ya damu inayouingia mfupa, na hivyo mfupa hukosa chakula. Tangu hapo ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa Kienböck. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1953.

Kienböck aliupa ugonjwa maelezo. Hakuupa dawa. Kwa miaka mingi waganga waliufunga mkono kwa plasta wakingoja, au waliuondoa kabisa mfupa uliobomoka. Wengine walipata nafuu, na wengine hawakupata. Swali kubwa lilibaki: kwa nini mfupa huu na si mwingine? Na kwa nini mtu huyu na si jirani yake, hali wote wawili wanafanya kazi ileile?

3. Mtu aliyehesabu

Jibu moja lilitoka Sweden mwaka 1928. Daktari Hultén alifanya jambo jepesi ambalo watu wengi hulisahau: alihesabu, tena alihesabu pande mbili.

Alichukua picha za wagonjwa 23 wa ugonjwa wa Kienböck. Akatazama ncha za mifupa miwili ya kigasha, aone kama zinalingana. Katika wagonjwa hao, karibu robo tatu walikuwa na mfupa mwembamba ulio mfupi kuliko mfupa mpana. Ufupi wenyewe ulikuwa wa milimita chache tu.

Mtu mwenye haraka angeishia hapo na kusema, "Nimepata sababu." Hultén alipiga hatua ya pili. Alitazama picha za vifundo 400 visivyo na ugonjwa, akaona kwamba katika hivyo ni kama robo moja tu vilivyokuwa na mfupa mwembamba ulio mfupi. Basi linganisha: robo tatu kwa wagonjwa, robo moja kwa wazima. Tofauti hiyo si ndogo.

Hultén aliwaza hivi. Fikiri vijana wawili wamesimama bega kwa bega, wamejitwika gunia moja vichwani. Wakiwa na kimo sawa, hugawana mzigo. Lakini mmoja akiwa mfupi, gunia humlalia yule mrefu, na sehemu ya gunia iliyo juu ya kichwa cha mrefu ndiyo itakayochanika kwanza. Vijana hao ndio mifupa miwili ya kigasha. Sehemu ya gunia inayochanika ndiyo mfupa wa mwezi. Unapopiga nyundo, unaposukuma toroli, unapojiinua kwa mikono, mzigo hupita kiganjani na kushuka kwenye kigasha. Mfupa mwembamba ukiwa mfupi, mfupa wa mwezi husagwa juu ya mfupa mpana.

Kutoka hapo wazo la kupasua lilikuja lenyewe. Ikiwa shida ni kimo, sawazisha kimo. Mwaka 1935 Hultén alieleza njia ya kuufupisha mfupa mpana. Mwaka 1945 mwenzake wa Sweden, Persson, aliandika juu ya njia hiyo, na pia juu ya njia ya kuurefusha mfupa mwembamba. Zote mbili zina shabaha moja. Lakini kurefusha ni kazi ngumu zaidi, maana yapasa kutia kipande cha mfupa kutoka mahali pengine, na kipande hicho huweza kuchelewa kushika. Kwa hiyo kufupisha ndiko kulikoenea zaidi.

4. Jinsi mfupa unavyofupishwa

Siku hizi kazi yenyewe hufanywa hivi. Mgonjwa hupewa dawa ya kuondoa maumivu au ya usingizi. Mganga hufungua ngozi ya kigasha karibu na kifundo, hata aufikie mfupa mpana. Huukata, hutoa kipande chembamba cha milimita 2 au 3 hivi, huzikutanisha ncha mbili, kisha huzishikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Mfupa wa mwezi wenyewe haguswi. Mkono hufungwa kwa muda, na mfupa uliokatwa huchukua miezi kadhaa kuunga vizuri. Wakati huo mgonjwa hupaswa kufanya mazoezi ya vidole na ya kifundo kama anavyoagizwa, wala asibebe mizigo.

Pengine utauliza, milimita 2 zitafaa nini? Ni unene wa sarafu tu. Swali hilo ni zuri, na watu wa Marekani walilijibu kwa vipimo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Palmer na Werner, walipima mzigo unaopita katika mikono ya maiti. Waliona kwamba katika kila sehemu 100 za mzigo wa kifundo, kama 80 hupita katika mfupa mpana na kama 20 katika mfupa mwembamba. Mfupa mwembamba ukifupishwa kwa milimita 2 na nusu, fungu lake hushuka mpaka kama 4. Ukirefushwa kwa milimita 2 na nusu, fungu lake hupanda mpaka kama 42. Mwaka 1986 wataalamu wengine wa Marekani walipima mkazo ulio juu ya mfupa wa mwezi, wakaona kwamba milimita 2 za kwanza ndizo zinazoleta sehemu kubwa ya nafuu. Kwa hiyo mganga hana sababu ya kukata kipande kikubwa. Akizidisha, ataharibu kiungo kati ya mifupa miwili ya kigasha.

Tena si kila mgonjwa anayefaa kupasuliwa hivi. Mwaka 1947 Ståhl wa Sweden aliupanga ugonjwa huu kwa daraja, na mwaka 1977 Lichtman wa Marekani aliutengeneza mpango huo. Daraja zenyewe ni nne. Katika ya kwanza, picha ya kawaida ya eksirei haionyeshi kitu. Siku hizi ugonjwa wa daraja hiyo huonekana kwa mashine ya picha inayotumia sumaku. Katika daraja ya pili mfupa umekuwa mgumu lakini haujabonyea. Katika ya tatu umebonyea. Katika ya nne mifupa ya jirani nayo imekwisha chakaa. Kufupisha hufaa kabla uharibifu haujaenea. Aliyefika daraja ya nne huhitaji matibabu mengine.

5. Miaka 20 baadaye

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Mtu akipasuliwa leo, kesho hawezi kukwambia kama alifanya vema. Hata baada ya mwaka mmoja hawezi. Mwenye miaka 30 atautumia mkono wake miaka mingine 30 au 40. Hakimu wa upasuaji huu ni wakati.

Taarifa za mwanzo zilikuwa za miaka michache. Mwaka 1982, Marekani, Almquist na Burns walieleza wagonjwa 12 waliotazamwa kwa miaka 5 mpaka 10 baada ya kufupishwa mfupa. Mwaka 1991, huko huko Marekani, taarifa nyingine ilieleza vifundo 30 vilivyotazamwa kwa wastani wa karibu miaka 4, na maumivu yalipungua kwa karibu wagonjwa 9 katika kila 10. Habari hizo zilitia moyo.

Kisha zikaja taarifa za wagonjwa waliongojewa kwa subira kubwa. Mwaka 2003 waganga wa Nagoya, Japani, waliandika juu ya wagonjwa 25 waliokatwa mfupa mpana ama kwa kuufupisha, ama kwa kutoa kipande kama kabari ili kuugeuza mwelekeo wake. Kila mmoja wao alikuwa ametazamwa kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 2007 ikaja taarifa ya Uholanzi, ya wagonjwa waliofupishwa mfupa miaka 22 nyuma kwa wastani. Mwaka 2008 waganga wengine wa Japani wakaleta taarifa ya miaka 21 kwa wastani.

Zote tatu zinaimba wimbo unaofanana. Wagonjwa wengi walikuwa na maumivu machache au hawakuwa nayo. Waliweza kushika kwa nguvu zaidi kuliko kabla ya kupasuliwa, na wengi waliendelea na kazi. Hizo ni habari njema, tena ni za kweli.

Lakini zipo na habari nyingine. Kifundo hakikurudi kuwa kama cha mtu ambaye hakuugua kamwe. Mfupa wa mwezi uliokwisha bonyea haukuinuka ukawa mwezi mwandamo tena. Na katika wagonjwa kadhaa, picha zilionyesha kwamba uchakavu wa kifundo uliendelea polepole, ingawa mwenye mkono alisema, "Sijambo." Kadhalika wengine walihitaji kupasuliwa tena ili kutoa bamba lililowasumbua, na mara chache mfupa uliokatwa ulichelewa kuunga.

Basi picha ilisema jambo moja, na mwenye mkono akasema jingine. Nani asadikiwe? Wote wawili. Picha hueleza hali ya mfupa. Mtu hueleza hali ya maisha yake. Mganga mwema huuliza yote mawili, wala hamtibu mtu kwa ajili ya picha tu.

6. Shaka inayoelimisha

Historia hii ingekuwa nyepesi kama ingeishia hapa. Lakini maarifa ya kweli hayaogopi kuulizwa tena.

Kwanza, lile wazo la Hultén lilitiliwa shaka. Urefu wa mifupa miwili ya kigasha hubadilika kwa umri, tena huhitilafiana kati ya wanaume na wanawake. Kwa hiyo si haki kumlinganisha mgonjwa kijana na mtu mzee. Mwaka 1991 wataalamu wa Japani walilinganisha wagonjwa na watu wazima wa afya kwa kuangalia umri na jinsia, na ile tofauti kubwa ya Sweden haikuonekana. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani walikusanya pamoja hesabu za taarifa nyingi, wakasema ushahidi hautoshi kuthibitisha kwamba mfupa mwembamba ulio mfupi ndio unaoleta ugonjwa.

Pili, mwaka huohuo wa 2001 ilitoka taarifa ya kushangaza kutoka Argentina. Waganga wa huko hawakufupisha kitu. Waliitoboa mifupa miwili ya kigasha karibu na kifundo, wakaikwangua ndani, wakaiacha na urefu wake. Wagonjwa wao wengi nao walipata nafuu ya miaka mingi! Je, si mzigo peke yake unaotibiwa? Pengine mfupa unapojeruhiwa na kuanza kuunga, damu huja kwa wingi mahali pale, na mfupa wa mwezi ulio jirani hufaidika. Hayo ni mawazo ya wataalamu, na bado yanachunguzwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Wako wagonjwa ambao hawakupasuliwa kamwe. Walifungwa mkono, wakapumzishwa, wakabadilishiwa kazi. Picha zao nyingi ziliendelea kuharibika, lakini baadhi yao maumivu yalitulia na maisha yakaendelea. Kwa vijana wadogo ambao mifupa yao bado inakua, kupumzisha mkono mara nyingi hutosha. Mwaka 2010 Innes na Strauch wa Marekani walizisoma taarifa nyingi za matibabu ya ugonjwa huu. Waliona kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kusema matibabu fulani yanashinda mengine, wala kwamba yanashinda hali ya kuuacha ugonjwa ufuate njia yake.

Usilisikie neno hili vibaya. Hawakusema kwamba kufupisha hakufai. Walisema kwamba wagonjwa waliofupishwa hawakulinganishwa vizuri na wale wasiofupishwa. Fikiri mkulima aliyetia mbolea shamba lote, akavuna vizuri. Amefurahi. Lakini hana kipande ambacho hakukitia mbolea, hivyo hawezi kukwambia ni gunia ngapi zilizoletwa na mbolea na ngapi zilizoletwa na mvua.

7. Maswali matatu

Haya, sasa yashike yale maswali matatu niliyokuahidi. Yaandike katika daftari lako.

La kwanza: Ni watu wangapi? Mgonjwa mmoja aliyepona si ushahidi, hata akiwa ni ndugu yako. Hata 12 ni wachache. Ugonjwa usio wa wengi ni mgumu kujifunza kwa sababu hiyo.

La pili: Walitazamwa kwa muda gani? Nafuu ya mwezi mmoja si nafuu ya miaka 20.

La tatu: Walilinganishwa na nani? Hultén alipata sifa kwa sababu alihesabu na wazima pia. Na waliomsahihisha walipata sifa kwa sababu walilinganisha kwa uangalifu zaidi kuliko yeye.

Maswali hayo yanafaa kwa mganga wa hospitali, kwa muuza dawa wa sokoni, na kwa rafiki anayekuletea habari za maajabu. Wazee wetu walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

8. Neno kwako wewe mfanyakazi

Maumivu mengi ya kifundo si ugonjwa wa Kienböck. Mengi huja kwa kuteguka au kwa kazi ya kupita kiasi, nayo huondoka. Lakini maumivu ya katikati ya kifundo yakikaa wiki nyingi, yakifuatana na uvimbe na udhaifu wa kushika, usiyazoee. Usikubali mkono ukandwe na kuvutwa kila siku bila kujua kuna nini ndani. Nenda hospitali, ueleze kazi yako, uombe kupimwa. Anayefika mapema ana njia nyingi za kuchagua. Anayefika mfupa umekwisha bomoka ana njia chache.

Na wewe unayetumia mashine zinazotikisika, kama zile za kuvunjia mwamba, jua kwamba Ujerumani tangu mwaka 1929 iliyatia madhara ya mashine hizo katika mifupa na viungo katika orodha ya magonjwa ya kazi. Mwambie msimamizi wako unapoanza kuumia. Kupumzika kwa zamu si uvivu.

Ukishauriwa kupasuliwa, uliza: Ugonjwa wangu uko daraja gani? Mifupa yangu miwili ya kigasha inalinganaje? Tukingoja na kupumzisha mkono, itakuwaje? Nitakaa bila kazi kwa muda gani? Mganga mwema hatakasirika.

Na ukiisha kupasuliwa, rudi siku uliyopangiwa, hata kama huumwi. Itunze kadi yako na picha zako. Wengi hurudi wanapoumwa tu. Waliopona hukaa kimya nyumbani, na waliokata tamaa hukaa kimya vilevile. Kimya hicho ndicho kinachowapotosha waganga. Yote tuliyojifunza leo juu ya miaka 20 baada ya kupasuliwa tumeyapata kwa sababu watu wachache wa Uholanzi na Japani, waliokwisha kuzeeka kidogo, waliitwa tena hospitali, wakakubali kwenda, wakanyosha mikono yao ipimwe. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa wafanyakazi kama wewe. Bila wao, mganga wa leo angekisia tu kama walivyokisia wale wa kabla ya mwaka 1895.

Hapa ndipo mwisho wa somo. Sasa mwalimu awaongoze katika maswali. Kwaherini, mpaka kipindi kijacho.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini waganga waliukata mfupa mzima ili kuusaidia mfupa mgonjwa? Eleza kwa mfano wa vijana wawili na gunia.
2. Robo ya 400 ni ngapi? Robo tatu ya 24 ni ngapi? Hesabu hizi zinakusaidiaje kuelewa kazi ya Hultén?
3. Mtu ana picha mbaya ya kifundo lakini hana maumivu. Mwingine ana maumivu lakini picha yake ni nzuri. Je, ungewashauri nini?
4. Kwa nini ushahidi wa mwaka 2010 haukuweza kusema kwamba kufupisha mfupa kunashinda kungoja?
5. Taja dawa au matibabu uliyosikia yakisifiwa. Yapime kwa yale maswali matatu, kisha andika majibu yako kwa sentensi tatu.